Kusoma na Kufahamu

Katika shule za Masisi na Walikale kuna watoto wanaosoma kwa sauti nzuri sana. Hawakwami, hawaruki neno, tena hupumua penye nukta. Mzazi akipita karibu na dirisha hufurahi. Lakini mwalimu akifunga kitabu na kuuliza, "Basi, umesoma habari gani?" mtoto hutazama chini. Macho yalifanya kazi, mdomo ulifanya kazi, na akili ilikaa pembeni.

Kusoma hivyo ni kama kwenda sokoni na kikapo na kurudi nacho kitupu. Njia imejulikana, miguu imechoka, lakini jioni hakuna cha kupika.

Tazameni mfano. Msichana mmoja wa darasa la nne aliitwa na nyanya yake. Mdogo wake alikuwa na malaria, na muuguzi wa zahanati alikuwa ametoa vidonge pamoja na karatasi.

"Mjukuu wangu," alisema nyanya, "njoo unisomee karatasi hii. Macho yangu yamechoka."

Msichana akasoma vizuri: "Mpe mtoto kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, baada ya kula, kwa siku tatu, hata kama homa imepoa."

"Vema, mama yangu. Jana na leo amekwisha kumeza vinne. Sasa mwili wake hauna moto tena, anacheza. Hivi viwili vilivyobaki niviweke akiba?"

"Viweke tu, nyanya. Amepona."

Msichana huyu alisoma kila neno, na bado hakusoma. Jibu la nyanya lilikuwa katika karatasi, mwishoni kabisa: hata kama homa imepoa. Maneno hayo madogo, hata kama, ndiyo yaliyobeba shauri zima. Muuguzi aliyaandika makusudi, kwa maana alijua kwamba watu wengi huacha dawa mara mwili unapopoa. Homa huondoka kwanza, lakini vijidudu vya malaria vinaweza kubaki katika damu, na dawa isipokwisha homa hurudi. Msomaji mwenye kufahamu angejibu, "Hapana, nyanya. Kesho ni siku ya tatu. Lazima avimalize."

Kwa hiyo msomaji asiwadharau watu wadogo wa lugha: ila, lakini, kabla, baada ya, isipokuwa, hata kama, mpaka. Maneno makubwa hupiga kelele, nayo madogo hugeuza njia.

Jambo la pili la kuangalia ni hili: nani amefanya nini? Swali hilo laonekana rahisi. Katika Kiswahili si rahisi kila mara, kwa sababu tunasema "a-" kwa mwanamume na kwa mwanamke, kwa mkubwa na kwa mdogo. Mtoto atakapoendelea na Kifaransa ataona kwamba lugha ile hutenganisha mwanamume na mwanamke, Kiswahili hakitenganishi. Soma sentensi hii: "Mama alimpelekea shangazi maziwa, kwa sababu alikuwa mgonjwa." Nani alikuwa mgonjwa? Mama au shangazi? Sentensi peke yake haisemi. Usikisie upesi. Endelea mbele: "Alipoyapokea, akayanywa yote, akalala tena." Aliyepokea ni shangazi, naye ndiye aliyelala. Basi mgonjwa ni shangazi. Msomaji mzuri akikutana na "a-" isiyo na mwenyewe, hurudi nyuma mstari mmoja au huenda mbele mstari mmoja kumtafuta.

Mahali pengine Kiswahili chenyewe hutusaidia. "Mtoto aliweka kitabu juu ya meza, kikaanguka." Kilichoanguka ni kitabu. "Mtoto aliweka kitabu juu ya meza, ikaanguka." Hapo meza ndiyo iliyoanguka. Herufi moja au mbili tu, na jambo limekuwa jingine. Ziko lugha zisizo na msaada wa namna hii.

Na alama ndogo zisomwe pia. Andika ubaoni: "Mama alisema mtoto ameanguka." Sasa weka mikato miwili: "Mama, alisema mtoto, ameanguka." Katika sentensi ya kwanza aliyeanguka ni mtoto. Katika ya pili ni mama. Mwenye kuruka mkato atamkimbilia mtu mzima na kumwacha mwenye kuumia.

Kisha yako maneno tusiyoyajua. Wengi wa watoto wa Masisi na Walikale nyumbani husema Kihunde, au Kinyanga, au Kinyarwanda, au Kitembo. Kiswahili hukikuta njiani, sokoni na shuleni. Si ajabu kitabu kiwe na neno geni katika kila ukurasa. Basi mtoto asisimame pale kama ng'ombe mbele ya mto. Atazame maneno yaliyo jirani nalo. Mtoto wa msituni Walikale ambaye hajaona chukudu anasoma hivi: "Vijana waliteremka kutoka milimani wakisukuma chukudu zilizojaa viazi, na magurudumu yake ya mti yakalia barabarani." Hakuna aliyemweleza neno, lakini sasa anajua mengi: chukudu hubeba mzigo, husukumwa, ina magurudumu, nayo imetengenezwa kwa mti. Maneno ya jirani yanayotusaidia hivyo huitwa muktadha.

Kuna neno geni, na kuna neno la hatari kuliko hilo, yaani neno unalodhani unalijua. Kitabu kilichopigwa chapa Tanzania kinasema: "Kijana alikwenda shambani pamoja na bibi yake." Mtoto wa Kivu anasoma na kuona mume na mke wanalima, kwa maana kwetu Kongo bibi ni mke. Mwandishi wa Tanzania alikuwa akisema habari za kijana na nyanya yake. Maneno ni yale yale, lakini hadithi mbili. Hapa pia muktadha huokoa: ikiwa baadaye bibi huyo ana mvi na anamwita kijana "mjukuu wangu," msomaji ajue kwamba alikosea, arudi kusoma tena tangu mwanzo. Kurudi si aibu. Hata wasomaji wakubwa hurudi.

Sasa tuje kwenye hadithi, na majina ambayo walimu hutumia katika kuzieleza. Hakuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mmoja wa mifano mizuri ya Afrika nzima ulitoka Walikale.

Wanyanga wa Walikale wana namna nyingi za masimulizi, na kila namna ina jina lake. Ngano fupi huiita uano. Hadithi ndefu ya shujaa, ambayo husimuliwa na kuimbwa, huiita karisi, na anayeijua huitwa She-Karisi, yaani baba wa karisi. Mwaka 1956 mtaalamu mmoja Mbelgiji, Daniel Biebuyck, alikaa na Wanyanga, akakutana na msimulizi aitwaye Candi Rureke. Kwa muda wa siku 12 Rureke alisimulia, aliimba na kucheza, huku vijana wakimpigia mdundo na watu wakimwitikia. Biebuyck na wasaidizi wake Wanyanga wakaandika. Rureke alichoka, na waandishi walichoka vilevile, lakini hadithi ya Mwindo ikapata kuandikwa. Mwaka 1969 ikatoka katika kitabu, kwa Kinyanga na kwa Kiingereza. Aliyeshirikiana na Biebuyck katika kitabu hicho alikuwa Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe, mtaalamu wa lugha. Leo husomwa katika vyuo vikuu vya nchi za mbali. Ni jambo la kusikitisha kwamba watoto wengi wa Walikale wenyewe hawajaisikia.

Hadithi kwa ufupi ni hii. Katika kijiji cha Tubondo alikaa Mwami jina lake Shemwindo, mwenye wake saba. Akatoa amri: wake zake wazae wasichana tu, atakayezaliwa mvulana atauawa. Wake sita wakazaa wasichana. Wa saba, Nyamwindo, akazaa mvulana, naye ni Mwindo. Mtoto huyu alipozaliwa tu, alitembea na kusema. Mkononi alikuwa na usinga wake, unaoitwa conga. Baba akamtupia mkuki, haukumpata. Akamzika, akatoka. Akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini, nayo ngoma haikuzama, bali ikaenda juu ya maji mpaka kwa shangazi yake Iyangura, dada ya Shemwindo. Baadaye Mwindo alikwenda kwa wajomba zake, wahunzi, wakamwimarisha kwa chuma. Akarudi kupigana na Tubondo. Baba akakimbia, akaingia chini ya ardhi. Mwindo akamfuata huko, akapewa kazi ngumu, kama kulima shamba la migomba kwa siku moja. Mwishoni akampata baba yake, akamrudisha nyumbani. Hakumwua. Mbele ya watu wote Shemwindo akakiri makosa yake, na Mwindo akawa Mwami.

Kwanza tutenganishe watu watatu ambao wanafunzi huwachanganya. Mwenye kuandika ni mwandishi. Mwenye kuisema hadithi ni msimulizi. Hapa ni Rureke. Watu na viumbe wanaotenda ndani ya hadithi ni wahusika: Mwindo, Shemwindo, Nyamwindo, Iyangura na wengine. Mwindo, ambaye hadithi yote humfuata yeye, ni mhusika mkuu. Mtoto akiandika katika mtihani kwamba "Mwindo aliandika kitabu," amemfanya mhusika kuwa mwandishi. Na akisema, "Rureke ni mtu wa majivuno," amemwekea msimulizi makosa ya mhusika. Si haki. Msimulizi anaweza kueleza habari za mwizi naye si mwizi.

Majina yenyewe yana msaada kwa msomaji mwangalifu. She-Karisi ni baba wa karisi. Basi Shemwindo ni nani? Ni baba wa Mwindo. Na Nyamwindo ni mama wa Mwindo. Tazameni: hakuna aliyefundisha Kinyanga hapa, na tayari msomaji amejua maneno mawili kwa kulinganisha.

Mahali na wakati wa hadithi huitwa mandhari. Mandhari ya Mwindo ni kijiji cha Tubondo, kisha maji, kisha chini ya ardhi, na baadaye mbinguni. Msomaji ajiulize kila mara, "Sasa tuko wapi?" Mahali pakibadilika, nguvu za watu hubadilika pia. Shemwindo ni mkuu Tubondo. Chini ya ardhi ni mkimbizi tu.

Kukosana kunakosukuma hadithi huitwa mgogoro. Bila mgogoro hakuna hadithi. Kama Shemwindo angefurahi kupata mwana, Rureke angemaliza kazi kabla ya chakula cha mchana. Na matukio yanavyofuatana, moja likizaa jingine, huitwa msuko. Neno hili linatoka katika kusuka, kama mwanamke asukavyo mkeka au nywele: ukitoa uzi mmoja, mwingine hulegea. Jaribu kumwondoa Iyangura katika hadithi. Ngoma ingekwenda wapi?

Baada ya kujua nani, wapi na nini, linakuja swali la kwa nini. Hapo maswali hayawi ya namna moja. Ukiulizwa, "Shemwindo alikuwa na wake wangapi?" jibu limeandikwa, weka kidole juu yake. Ukiulizwa, "Kwa nini baba alimkataa mwana wa kiume?" kidole hakitoshi. Lazima kukusanya alama. Msichana akiolewa, mahari huja nyumbani. Mwana wa kiume akikua, anaweza kutaka kiti cha baba. Na mwisho wa hadithi ni nani aliyekaa kitini? Mwindo. Basi msomaji anaweza kusema kwamba Shemwindo alihofia kiti chake, na kuonyesha alama zilizomfikisha hapo. Mwingine atasema alitaka mahari tu. Wote wawili wasikilizwe, mradi kila mmoja aonyeshe mahali katika hadithi. Asiye na mahali pa kuonyesha hajafahamu bado, hata kama anasema kwa nguvu.

Mambo makubwa ambayo hadithi inatufikirisha huitwa dhamira. Watu wengine husema dhamira ya Mwindo ni ushujaa. Hao hawakufika mwisho. Mwindo alipokwisha kuwa Mwami, aliua joka la msituni, na joka hilo lilikuwa rafiki wa Nkuba, yaani radi. Nkuba akamchukua mpaka mbinguni. Huko Mwindo akakaa mwaka mzima, akapigwa na baridi, mvua na jua, na usinga wake haukumfaa kitu. Yeye aliyejisifu kila siku akanyamaza. Akakatazwa kuua wanyama, kisha akarudishwa kutawala kwa upole. Mwenye kuacha kusoma Mwindo anaposhinda atasema hadithi ni ya nguvu. Mwenye kusoma yote ataona kwamba ni ya nguvu inayofundishwa kujizuia. Ndiyo maana dhamira haitafutwi katikati ya kitabu.

Katika hadithi na mashairi lugha hupambwa. Ukisema, "Alikimbia kama swala," umelinganisha vitu viwili kwa neno kama. Hiyo ni tashbihi. Ukisema, "Mwami wetu ni simba," neno kama limeondoka. Hiyo ni sitiari. Hakuna anayetafuta mkia wake. Ukisema, "Mlima ulivaa shuka la ukungu," mlima umepewa tendo la mtu. Hiyo ni tashihisi. Lakini uangalifu unatakiwa: Nkuba anaposema na kukasirika katika karisi, kwa Wanyanga wa kale hilo halikuwa pambo la lugha, kwa kuwa walimhesabu Nkuba kuwa roho kweli. Kuongeza jambo kupita kiasi, kama mtoto atembeaye siku ya kuzaliwa, huitwa chuku. Mwenye kusikia chuku haulizi, "Yawezekana?" Huuliza, "Msimulizi anataka nimwone mtoto huyu kuwa wa namna gani?"

Kitendawili nacho ni zoezi la kufahamu, ingawa watoto hudhani ni mchezo wa jioni tu. "Nyumba yangu haina mlango." Jibu: yai. Anayejibu amefanya kazi ile ile ya msomaji: ameacha maana ya juu na kutafuta ya ndani. Methali vivyo hivyo. "Mwenda pole hajikwai" yafaa kwa kijana anayeteremka Sake na chukudu iliyojaa makala. Yafaa pia kwa mtoto anayesoma.

Imebaki namna moja ya kusoma, na katika nchi hii haifai kuachwa. Tangu mwaka 1993 watu wa Masisi na Walikale wamehama makwao mara nyingi kwa sababu ya vita. Siku za hofu, habari hupita upesi, kwa karatasi na kwa simu, na mara nyingi mtoto ndiye anayewasomea wazee. Soma habari hizi mbili.

"Inasemekana daraja la mto Osso limevunjika na watu wote wanakimbia."

"Leo saa tatu asubuhi nimefika kwenye daraja la Osso. Mbao mbili zimetoka. Wenye miguu wanapita, magari hayapiti."

Habari ya kwanza ina sauti kubwa. Lakini nani anasema? Haijulikani; "inasemekana" ni neno lisilo na mwenyewe. Lini? Haielezi. Watu wote? Nani aliwahesabu? Habari ya pili ina siku, saa, mahali, na mtu aliyeona kwa macho yake. Inaweza kuwa na kosa, lakini mtu anaweza kuipima. Tena itazameni vizuri: kwa mama mwenye mtoto mgongoni inasema njia iko wazi, na kwa mwenye gari inasema imefungwa. Mtoto anayewasomea wazazi wake asiseme tu, "Daraja limevunjika." Asome mpaka mwisho, kisha aseme, "Baba, aliyeandika alikuwa pale leo asubuhi. Kwa miguu tutapita." Au, "Baba, aliyeandika hakutaja jina wala siku."

Kuna pia maneno ambayo si ya kweli wala ya uongo, kwa sababu ni maoni. "Masisi hufuga ng'ombe na kutengeneza jibini" ni habari, nenda ukaone. "Jibini la Masisi ni tamu kupita jibini zote" ni maoni. Mtu wa Masisi ataapa kwamba ni habari. Mwache aape, lakini katika daftari uandike maoni.

MASWALI

1. Karatasi ya muuguzi ilisema dawa imezwe kwa siku ngapi? Ni maneno gani yaliyomjibu nyanya?

2. "Baba alimwambia mjomba kwamba mbuzi wake amepotea." Mbuzi ni wa nani? Ongeza sentensi moja itakayoondoa mashaka.

3. Taja msimulizi, mhusika mkuu na mandhari mbili katika hadithi ya Mwindo.

4. Iyangura ni dada ya Shemwindo, naye alimpokea mtoto ambaye kaka yake alimtupa. Andika mistari mitano ueleze yeye ni mtu wa namna gani. Onyesha alama zako.

5. Mwulize mzee mmoja wa kwenu akusimulie ngano kwa lugha ya nyumbani. Iandike kwa Kiswahili, kisha umsomee. Akisema, "Sivyo nilivyosema," mwulize ni wapi.